Mbio za Leo na Mtoto wa Keko

Jumapili, baada ya alasiri. Asubuhi kulikuwa na mawingu nikafurahi, kumbe yalikuwa yananidanganya, maana kabla hatujaanza yalishaondoka yote na jua likatuwakia mpaka mwisho. Saa hizi limepungua makali. Upepo unaingia dirishani na Idi amelala mapajani kwangu, mdomo wazi. Naandika nimeegemeza karatasi kwenye mto, na kila nikijisogeza kidogo naguna kama bibi kizee.

Miguu haitaki kukunja. Nikitaka kwenda uani nashika ukuta kama mtoto anayejifunza kusimama dede.

Lakini nimemaliza.

Acha niandike toka mwanzo, maana leo yamenikuta mawili, na la pili ndilo linaloniweka macho wakati mwili wote unataka kulala.

Mie si mkimbiaji. Nimeishia darasa la saba, na shuleni nilikuwaga na mbio kweli, wavulana walikuwa hawanipati. Nilipovunja ungo nikawekwa ndani kama mabinti wote wa kwetu. Nilipotolewa nilikuwa mweupe, nimenenepa, na nilijifunza kutembea kwa kujivuta kama inavyotakiwa. Halafu ndoa. Halafu Idi, na arobaini nyingine ya kukaa ndani. Siku nilipotoka arobaini, nikambeba kwenda kliniki, na njiani nikaona miguu yangu inataka kitu. Sikukijua ni kitu gani. Nilidhani labda ni kule kukaa sana.

Baba Idi anauza viatu vya mitumba Tandika. Zamani alikuwa kiwandani, kwenye nguo, mpaka walipopunguzwa kazi. Siku moja alifungua robota akakuta raba mbili, rangi moja, lakini si pacha: ya kushoto kubwa kuliko ya kulia. Hakuna mteja angezichukua. Akaniletea huku anacheka, nizivalie kwenda bombani.

Nikavaa, nikaenda bombani, nikarudi mbio. Ndoo kichwani, maji yakanilowesha mpaka kifuani, nami nacheka peke yangu kama mwehu.

Aliyeniona ni dada Devota. Huyu tumepanga naye nyumba moja, mtu wa bara, kazi yake hospitali, na yeye hukimbia alfajiri kabla ya kwenda zamu. Akasimama mlangoni na mswaki mdomoni akaniambia, "Mama Idi, kama na ndoo unakwenda hivyo, bila ndoo si utaruka?"

Ndivyo ilivyoanza. Kila alfajiri nikisha kumnyonyesha Idi, namwachia mama, natoka na Devota. Nafunga khanga juu ya suruali mpaka tuupite msikiti, halafu naifungua naizungusha kiunoni. Vijana wa kijiweni walitusumbua mwanzoni. "Shemeji, basi limekuacha?" "Sista, mwizi kapita huku, kata kushoto utamkamata!" Siku hizi wametuzoea, wanatupungia tu mkono.

Sasa niandike habari za mama. Namwita mama, lakini ni mama mkwe wangu, mama yake Baba Idi, tunakaa naye. Mtu wa hapa hapa Dar toka kwa babu zake, mwenye udi wake chumbani na mambo yake kwa mpango. Sala yake haijawahi kuchelewa. Jirani akitaka kujua kama adhuhuri imeingia, haangalii saa, anachungulia kwetu kuona kama mswala wa mama bado uko kwenye msumari.

Na mama kukimbia kwangu hakukupenda hata chembe. Si kwa sababu ya suruali, wala si kwa maneno ya majirani, ingawa maneno yalikuwepo. Ni maziwa.

"Maziwa ya mwanamke anayekimbia yanachemka," alisema. "Unampa mtoto maziwa ya jua. Akiharisha utanieleza nini?"

Basi kila nikirudi ananikalisha kwanza kivulini nipoe. Halafu nikamue yale ya mwanzo kwenye bakuli, nikayamwage kwenye shina la mgomba uani. Si mahali pengine popote. Ukiyamwaga njiani watu wakayakanyaga, kasema, maziwa yanakauka. Kisha ndiyo napewa mtoto. Devota, mtu wa hospitali, alicheka siku ya kwanza aliponiona nainama pale mgombani. Mama akamtazama mara moja tu. Hajacheka tena.

Sasa Devota alipoandikisha jina langu kwenye hizi mbio za leo, nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, sikujua nimwambieje mama. Akasikia mwenyewe. Akaniita, nikakaa chini mkekani mbele yake.

"Kwenda utakwenda," akasema. "Lakini nisikilize, mwanangu. Hizo mbio uzimalize, usirudishwe hapa kwenye gari kama gunia la mkaa. Na kabla adhuhuri haijaingia uwe umempakata mwanao. Ukishindwa kimojawapo, raba zinarudi Tandika, na habari ya kukimbia tusiisikie tena humu ndani."

"Ndiyo, mama."

Nilikubali haraka kwa sababu mbio zilisemwa zitaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hata nikitambaa, nilijiambia, saa nne niko nyumbani.

Na niandike ukweli kwa nini nilikuwa na hofu vile ya kuzikosa zile raba. Nampenda mwanangu, Mungu anajua, nikimnusa kichwani nasahau njaa. Lakini ile alfajiri, barabara tupu, baridi bado iko kwenye lami, mie pale si mama wa mtu, si mke wa mtu, si mkamwana. Ni miguu tu na pumzi. Halafu nikirudi nawapenda wote zaidi. Sijui kama wanawake wengine wanayo saa kama hiyo. Mama yangu mzazi sidhani kama aliwahi kuipata.

Basi leo.

Nilimnyonyesha Idi pande zote mbili mpaka akaachia mwenyewe. Nikavaa suruali ya truksuti ya Devota, shati la Baba Idi la mikono mirefu, na kitambaa kichwani. Kwenye raba ya kushoto nikasokomeza pamba mbele. Uwanjani tukafika mapema, watu wengi, wengine wa timu za viwandani wana bukta na fulana zinazofanana, wanajinyoosha kama paka. Mie nikasimama nyuma na wanafunzi wawili wa kike na baba mmoja mwenye kitambi.

Tukangoja. Mgeni rasmi hajafika.

Tukangoja tena. Mawingu yakaondoka. Turubai la wageni lilikuwa na kivuli kizuri na viti vitupu, sie tumesimama juani. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Nikaanza kuhisi kifua kinajaa. Nikahesabu vidoleni saa zilizobaki kabla ya adhuhuri.

Alipofika akahutubia. Juu ya afya.

"Angekuja kwa miguu angeshafika," Devota akaninong'oneza, na yule baba mwenye kitambi akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Kipenga kilipolia ilikuwa saa tatu imeshapita. Watu wakafyatuka. Devota akanigusa bega, "Nenda mwendo wako, usinifuate mie," akapotea mbele. Nikaenda mwendo wangu. Barabara ya Pugu naijua kwa gari, sikujua kwamba ni ndefu hivi. Inapanda kidogo kidogo, huioni kwa macho, unaijua kwa mapaja. Maghala, kuta za viwanda, mageti mengine yamefungwa kwa minyororo siku hizi, walinzi wamekaa nje kwenye viti. Mmoja akaniita, "Dada, kaza! Wenzio wameshapika wamekula!" Nikamcheka, na kicheko kikanisaidia.

Tuligeuza kabla ya Ukonga. Waliweka pipa katikati ya barabara, unalizunguka, unapewa kikombe cha maji kutoka kwenye ndoo. Nilipolizunguka lile pipa niliona nyuma yangu bado kuna watu: wale wanafunzi na baba mwenye kitambi. Nikapata nguvu mpya. Nikasema moyoni, mie huyu, mwali wa ndani, nimefika karibu na Ukonga kwa miguu yangu.

Wakati wa kurudi ndipo kifua kikaanza.

Kwanza uzito tu. Halafu maumivu, mawe mawili, na kila mguu ukigusa chini yanagonga. Nikapunguza mwendo. Wanafunzi wakanipita. Nikakunja mikono kifuani kuyashika, na mtu hawezi kukimbia amekunja mikono, ukijaribu utaona. Baba mwenye kitambi naye akanipita, akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole, bibie, tumbo?" Nikaitika kwa kichwa. Ningemwambia nini?

Lingekuwa jambo rahisi, nisogee kando, nijikamue pale mtaroni, niendelee. Hakuna anayenijua. Nilisogea kweli mara moja, nikainama nyuma ya nguzo. Mkono ukakataa. Nikaiona lami, nikayaona matairi, nikamsikia mama: watu wakayakanyaga. Nikanyanyuka, nikaendelea hivyo hivyo, meno nimeyauma.

Huku najua ni upuuzi labda. Devota angesema ni upuuzi. Lakini maziwa ni ya Idi, na mie siwezi kuyafanyia mchezo.

Hivyo ndivyo nilivyofika Keko, wa mwisho kabisa, natembea nusu nakimbia nusu. Pale njia yetu ilipita kwa maseremala, vitanda na makabati yamepangwa mpaka barabarani, harufu ya vanishi na vumbi la mbao. Na katikati ya kelele za nyundo nikasikia mtoto analia.

Si kilio cha kudeka. Kile kilio kikavu cha mtoto aliyelia muda mrefu na amechoka.

Maziwa yakashuka yenyewe. Mwili hauulizi ni mtoto wa nani. Shati la Baba Idi likalowa mbele, alama mbili kubwa, na mie nimesimama katikati ya barabara, nimeshikilia kifua, nalia.

Alikuwa bibi mmoja amekaa kwenye kitanda kisichokuwa na chaga bado, juu ya ubao wake wa ubavuni, na mtoto mchanga begani. Nyuma yake fundi anapiga randa. Bibi akanitazama shati, akanitazama usoni, akaelewa yote.

"Njoo," akasema. "Njoo, mwanangu. Mungu kakuleta."

"Shikamoo, bibi. Niko kwenye mbio..."

"Marahaba. Mbio zitakungoja. Mama yake kaenda msibani Mbagala toka asubuhi, kasema anarudi sasa hivi, sasa hivi ndiyo hii. Uji hataki, kikombe hataki. Nimechoka kumdanganya kwa kidole."

"Bibi, nimekimbia juani. Maziwa yamechemka."

Nilivyosema hivyo akatabasamu, kama mtu aliyesikia lugha ya nyumbani kwao. "Basi wewe una mama aliyekufunza. Mtu anakamua ya mwanzo, kisha anapoa, kisha anampa mtoto. Haya, kuna mgomba huku nyuma."

Nikaketi. Kifua hakikunipa nafasi ya kubishana. Akaniletea bakuli na maji ya kunawa. Yule fundi, mwanawe, bila kuambiwa akatugeuzia mgongo, akaendelea kupiga randa, maranda yanaanguka miguuni kwake. Nikakamua, bibi akachukua bakuli mwenyewe akaenda nalo kwenye mgomba. Akanipepea kwa kipande cha ukili wake wa kusukia mkeka. Nilipopoa akanipa mtoto.

Mtoto wa kike, mdogo kuliko Idi, mwepesi kama kuku. Akanikamata kwa mikono yote miwili. Alikunywa kwa hasira, anagugumia, huku machozi hayajakauka. Nilihisi mawe yanayeyuka, upande mmoja, halafu wa pili. Sikuwahi kumnyonyesha mtoto wa mtu. Ni jambo la ajabu. Uso si wa Idi, harufu si ya Idi, lakini mkono wangu ulikuwa unampiga mgongoni vile vile.

"Nyumbani una mtoto mwanamke au mwanamume?" bibi akaniuliza.

"Mwanamume."

Akapiga kofi. "Haya, nimeshakosa mkwe!"

Tukacheka, mpaka fundi kule alikogeukia mabega yakamtikisika. Maana sie ndivyo tunavyojua: mtoto ukisha kumnyonyesha ni wako, na wanao ni ndugu zake, hawaoani. Nilicheka lakini neno likaniingia.

Mtoto akaachia, macho yamelegea. Nikatazama juu. Jua lilikuwa karibu na utosi.

Pale nilipokaa, njia ya kulia ilikuwa ya nyumbani. Ningeikata, mwendo wa kawaida tu, ningefika kabla ya adhana na kumpakata Idi. Mbele kulikuwa na uwanja. Mama alitaka vyote viwili na mie nilibakiwa na nafasi ya kimoja. Nilisimama nimemshika yule mtoto, sijui nimpe nani.

Bibi akampokea. "Unakwenda wapi sasa?"

"Sijui, bibi. Nimeahidi kumaliza, na nimeahidi kuwahi nyumbani."

"Mwanao yuko na nani?"

"Na bibi yake."

Akanicheka waziwazi. "Basi hafi njaa! Unadhani sie tunawaacha wafe? Nenda kamalize."

Nikajiambia, kwa kuchelewa nitaomba radhi. Mbio nisizomaliza leo, kesho hazipo. Nikashika mbele.

Na nilikimbia. Sasa nilikimbia kweli, kifua chepesi, shati limenigandia. Bibi akapiga kigelegele nyuma yangu, na maseremala wote wa ile njia wakagonga nyundo kwenye mbao, ko ko ko, duka kwa duka, mpaka nikakata kona.

Adhana ilinikuta naingia uwanjani.

Niliisikia vizuri sana, kutoka kila upande, msikiti huu unaanza na ule unapokea. Nikaendelea tu, sikuweza kusimama wala kuziba masikio. Watu walikuwa wameondoka. Mgeni rasmi hayupo, turubai limeshushwa, kijana analikunja. Mstari wa chokaa ulikuwa umefutwafutwa na miguu ya watu, umebaki vipande. Devota alikuwa amekaa peke yake kwenye nyasi na khanga yangu na kandambili zangu. Akaruka.

"Mama Idi! Nimekuulizia mpaka kwenye gari la wagonjwa!"

Nikavuka chokaa. Devota akapiga makofi, na kijana wa turubai, nadhani kwa heshima, naye akapiga mawili matatu.

Njiani nilimweleza kila kitu, akanisikiliza, safari hii hakucheka. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza, "Utamwambia nini mama?"

"Kwamba zirudi Tandika."

Mama alikuwa ukumbini, mkekani, Idi yuko mapajani anachezea kijiko. Nikapiga magoti kumwamkia. Akaitika. Akanitazama toka kitambaa mpaka kwenye kandambili.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Devota, kamaliza?"

"Kamaliza, mama. Wa mwisho kabisa. Hata turubai lilishaondoka."

"Sikuuliza wa ngapi."

Nikaona bora niseme mwenyewe. "Mama, nisamehe. Adhana imenikuta uwanjani."

"Adhana ipi?"

Nikainua macho nikamtazama. Hakuwa ananitazama, alikuwa anamfuta Idi mdomo kwa ncha ya khanga. Hapo ndipo nikauona mswala. Uko kwenye msumari wake. Haujaguswa.

"Mie sijaswali bado," akasema. "Kwangu adhuhuri haijaingia."

Akanipa mtoto, akashika goti, akanyanyuka, akaenda kutia udhu.

Mama, ambaye majirani wanamfanya saa.

Nililia, ndiyo, na Idi akanitia kijiko puani.

Ningeishia hapo nikaenda kulala, lakini bado la pili. Nilikaa nikapoa, nikampa Idi ziwa. Akavuta, akaachia, akanuna. Akavuta lingine, akanuna tena. Mama alikuwa ameshamaliza kuswali, anakunja mswala. Sikio lake kwa watoto halimpiti kitu.

"Mbona hapati?" Akaja akagusa. "Laini! Toka alfajiri, ziwa laini? Wewe, maziwa umeyamwaga njiani?"

"Hapana, mama. Wallahi sikuyamwaga."

Nikamweleza. Keko, mtoto, bibi, bakuli, mgomba. Nilipofika kwenye mgomba akaitika kidogo, "Ee, hapo sawa." Nilipomaliza akanigeuzia mgongo, akautundika mswala kwenye msumari. Nikadhani amekasirika, mtoto wa watu, bila kumuuliza mume wala yeye.

"Wa kike?"

"Wa kike."

"Wa nani?"

"Sijui, mama. Bibi yake tu nimemwona, na fundi mmoja."

"Jina lake?"

Lake sikuuliza, la bibi sikuuliza, la fundi sikuuliza. Niliangalia jua tu.

"Sikuuliza."

"Hukuuliza!" Akashika kichwa. "Umempa Idi ndugu, halafu hujui jina la ndugu yake! Mwanangu, kesho Idi ana ndevu, ananiletea, sijui anakuletea wewe, mie nitakuwa kaburini, anakuletea mchumba wa Keko. Nani atauliza?"

Devota, aliyekuwa anachota maji mlangoni, akasema, "Lakini mama, si mara moja tu? Nasikia mpaka iwe mara nyingi."

"Masheikh wana hesabu yao," mama akamjibu, "na watu wakitaka hesabu wataikuta kwao. Mie sitaki hesabu. Mtoto kala kwetu, nataka kumjua."

Akaingia chumbani kwake. Nikasikia sanduku linafunguliwa, harufu ya udi ikaja mpaka ukumbini. Akatoka na kipande cha khanga mpya, kile alichokikata arobaini ya Idi akakiweka, akakinyoosha juu ya goti. "Hatwendi mikono mitupu. Kesho, wewe, mie na Idi. Utanionyesha nyumba."

Baba Idi alipopita kula akasikia habari yote, akasema hata yeye anataka kumwona binti yake. Mama akamwambia angoje, kwanza tujue kama wenyewe wanaupokea huo undugu.

Sasa nakaa hapa najaribu kuikumbuka ile nyumba. Maseremala wa Keko ni wengi na kesho kitanda kile kitakuwa kimeshanunuliwa. Mgomba upo, lakini migomba iko kila uani. Nitamjua bibi kwa kicheko chake. Na wao watanijua, si ndiyo? Mwanamke aliyelowa shati. Nitawaambia tu wagonge nyundo.

Idi anacheka usingizini. Sijui anaota nini.

Nilipojikokota kwenda uani muda huu nimeziona raba juu ya bati. Mie sikuziweka pale. Zimeoshwa, kamba zimetolewa zimeanikwa kando, na ile pamba ya mguu wa kushoto imebadilishwa, imewekwa mpya. Mama alikuwa amekaa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Zitakauka kufikia kesho," akasema. "Utazivaa kwenda Keko. Lakini tutakwenda kwa mwendo wangu, si wako."